Mtumbwi Gani Utatufaa?

Juma hili hatuzungumzi juu ya chanjo wala mboga za bustani. Tunazungumza juu ya mtumbwi. Sababu mnaijua: fedha za likelemba ya kazi zimetimia tena, ziko ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na sisi tunabishana.

Wengine wanataka boti kubwa yenye moteri, kama zile zinazobeba abiria pale Baraka. Wengine wanataka mitumbwi miwili midogo ili mmoja ukiharibika mwingine uendelee na kazi. Mabinti wetu, ambao macho yao yako mbali, wanataka boti ya fibra. Katika mkutano wa mwisho kelele zilikuwa nyingi mpaka mama mmoja mzee akapiga sufuria kwa mwiko, akauliza: “Wanangu, huo mtumbwi utabeba nini, na utakwenda wapi?” Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amejiuliza hivyo. Ndiyo maana komite imeandika habari hii, ili kila mmoja aje kwenye mkutano ujao akiwa amefikiri.

Kwanza tueleze habari ya mwaka jana, maana wengi mnaijua kwa vipande tu. Tuieleze yote, hata sehemu yetu ya aibu.

Tulisikia kwamba ng'ambo ya ghuba kuna mtu anauza mtumbwi wa mbao, urefu wa mita nane, kwa bei nzuri. Tukatuma wamama watatu na bwana mmoja wa kuwasindikiza. Waliukuta umepinduliwa juu ya mchanga, umepakwa rangi ya buluu bado mbichi, na jina zuri limeandikwa ubavuni. Ulipendeza kweli. Muuzaji akasema kuna wanunuzi wengine wawili wanakuja mchana. Wajumbe wetu wakatoa fedha palepale. Haraka haina baraka, hata ukiwa Baraka kwenyewe.

Safari mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu ilikuwa siku ya soko, mwezi wa saba. Tulipakia magunia kumi na moja ya mihogo mikavu, bido tisa za mawese, wamama saba, watoto wawili wa mgongoni, na vijana wanne wa kupiga kasia. Tulipofika katikati ya ghuba, upepo wa kusini umeanza kuamka, mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane alihisi kitenge chake kimelowa. Alidhani chupa yake ya maji ya kunywa imemwagika. Alipoinua pembe ya gunia aliona maji yanaingia kwenye kiungo cha mbao mbili, na si tone kwa tone.

Magunia sita yalitupwa ziwani. Yule mama alichota maji kwa bakuli lake la fufu tangu hapo mpaka tulipogusa mchanga, hakupumzika, na aliyejaribu kumpokea bakuli alitukanwa. Alizaa majuma matatu baadaye, mtoto mzima mwenye sauti kubwa. Lakini katika yale magunia sita, manne yalikuwa ya mjane mmoja wa chama chetu, aliyeyanunua kwa mkopo. Tulimsaidia kulipa sehemu. Sehemu nyingine bado iko kwenye daftari, kwa jina lake, na kila mwisho wa mwezi tunaiona sote.

Fundi alipokwangua ile rangi alikuta lami, chini ya lami kitambaa, na chini ya kitambaa mbao inayobomoka kwa kidole kama keki. Muuzaji hatukumwona tena. Hatumtaji, kwa sababu sisi wenyewe hatukutia hata msumari mmoja kwenye mbao zake kuzijaribu.

Basi mara hii tumekwenda kwa wenye kujua: mafundi wawili wa mitumbwi, na mzee mmoja mvuvi aliyeacha ziwa kwa sababu ya mgongo. Tumewasumbua majuma mawili. Haya ndiyo tuliyopata, pamoja na yale tuliyojifunza kwa kulowa.

Ziwa letu si bwawa. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kina chake kinapita mita 1,400. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini una nafasi ndefu sana ya kusukuma mawimbi kabla hayajafika kwetu. Wakati wa mvua kuna jambo lingine: dhoruba ya ghafla inayoshuka na wingu jeusi, inapiga kwa muda mfupi, kisha inaondoka kama mgeni asiyeaga. Ndani ya ghuba tuna kinga kidogo. Ukizunguka ncha ya Ubwari na kutoka kwenye ziwa wazi, kinga hiyo imekwisha. Kwa hiyo mama anayevuka kwenda soko la Baraka na yule anayetaka kufika Uvira hawahitaji chombo cha namna moja, hata kama mizigo yao inalingana.

Mtumbwi wa gogo moja ndio tuliokua nao. Hauna msumari, hauna kiungo, kwa hiyo hauna mahali pa kuachana. Ukianikwa juani bila kivuli hupasuka kwa urefu wake, lakini ukiwekwa chini ya mti na kumwagiwa maji unaweza kumzidi mwenye nao umri. Ni mzuri kwa mtu mmoja au wawili: kutega nyavu karibu na ufuko, kwenda shambani upande wa pili wa mto, kumpelekea jirani habari. Ubaya wake ni wembamba. Ukisimama vibaya unageuka. Na magogo makubwa hayapatikani tena karibu na ziwa, yanatoka mbali milimani, na kila mti mkubwa unaoanguka huko tunaulipa huku kwa mafuriko. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1858, Waingereza Burton na Speke walipita hapa hapa Ubwari wakienda Uvira kwa mitumbwi ya kuchonga waliyokodi Ujiji, mirefu ya kubeba wapiga makasia wengi. Ghuba yetu bado inaitwa kwa jina la Burton kwenye ramani. Majina ya wapiga makasia hayakuwekwa kwenye ramani yoyote.

Kwa kazi ya chama, gogo halifai. Tunasema hivyo kwa huzuni kidogo.

Kuna pia mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavu mkubwa katikati, ambayo wanaume hutoka nayo usiku usio na mbalamwezi na taa zao kuita ndagala. Namna hiyo ya kuvua ilianza ziwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni chombo cha kazi moja tu. Mama mmoja katika mkutano alitaka tununue cha namna hiyo ili tuwe na samaki wetu wenyewe badala ya kuwanunua ufukoni kwa bei ya mvuvi. Wazo si baya, lakini chombo hicho kinataka wavu, taa, batri na kikundi cha wavuvi kila usiku, na wakati mbalamwezi ni kubwa kinalala ufukoni huku deni haliendi kulala. Tuliache kwa leo.

Fibra tusiizungumze sana. Ni nyepesi, haiozi, inapendeza. Lakini ikipasuka kwenye jiwe, fundi wa kuitengeneza na dawa zake wako mbali, na mtumbwi usioweza kutengenezwa na fundi wa kijijini kwetu ni mtumbwi wa kukaa ukingoja. Mabinti watusamehe.

Unabaki mtumbwi wa mbao, na hapa ndipo pa kuongea kwa kirefu, kwa sababu jina ni moja na vyombo vyenyewe ni vingi.

Tazameni kwanza tumbo lake. Mtumbwi wenye tumbo kali kama kisu hukata wimbi vizuri na kwenda mbio, lakini huyumba ukiwa mtupu, na ukifika ufukoni hulala ubavu. Wenye tumbo pana hukaa imara mama anapopanda na beseni kichwani, na huingia mpaka maji ya magotini. Hili ni jambo kubwa kwetu. Tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020, na tena 2024, ufuko wetu wa mchanga umekuwa kama kitanda kilichokatwa nusu. Tunapakia kwenye mawe na kati ya mizizi ya miembe iliyokufa kwa maji. Mtumbwi wa tumbo kali pale utatuvunjia mizigo, na miguu pia. Kwa hiyo sisi wa komite tunapenda tumbo pana katikati, na mbele kuwe kumeinuka kidogo ili wimbi lipasuke nje, lisiingie mapajani.

Pili ni mbao. Mvule na libuyu hukaa miaka mingi majini, na bei yake inajulikana. Mkaratusi ni wa bei ya chini, uko kila mahali, lakini hupinda na kupasuka ukikauka, hasa kama ulikatwa jana na kupigiliwa leo. Fundi mmoja alituambia wazi kwamba yeye hutumia mbao nzuri kwa sehemu iliyo majini, na mkaratusi kwa mabenchi na ukingo wa juu tu. Tulimpenda kwa kusema hivyo bila kuulizwa. Mbao yoyote iwe imekauka kivulini kabla ya kazi. Mbao mbichi ikikauka baadaye husinyaa, na viungo vinafunguka vyenyewe.

Tatu ni viungo. Kati ya mbao na mbao fundi hutia kalafati, pamba iliyolowekwa mawese, akiigongomea mpaka ijae. Pamba hiyo inataka kubadilishwa kila inapolegea. Mtumbwi mpya ukiingizwa majini utavuja siku mbili tatu mpaka mbao ivimbe na kujifunga, hapo usiogope. Ukiendelea kuvuja baada ya juma, mwite fundi, usiite kijana mwenye kopo la lami. Na misumari iwe ile isiyoshika kutu haraka. Ukiona machozi mekundu yanateremka kutoka kichwa cha msumari, ujue ndani mbao imekwisha kuanza kulika.

Kwa anayenunua mtumbwi uliokwisha kutumika, haya ndiyo tungependa kuwa tuliyajua mwaka jana. Usinunue uliopakwa rangi juma hilo. Kama muuzaji ameupaka, mwombe ruhusa ya kukwangua mahali patatu unapochagua wewe: chini kabisa katikati, nyuma pale moteri inapofungwa, na ndani chini ya mataruma, ambako maji hukaa siku zote. Bonyeza kwa ncha ya msumari mrefu. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyooza hupokea msumari kama ndizi. Kisha gonga kwa jiwe dogo kutoka mbele hadi nyuma na usikilize, sauti ikibadilika na kuwa nzito simama hapo. Mwisho uingize majini, utie mawe ya uzito wa mizigo yako, mkae ufukoni saa mbili mnakula mihogo ya kuchoma, kisha mtazame ndani. Muuzaji mwema atakaa nanyi na kula. Asiyekuwa na saa mbili mwacheni na wanunuzi wake wa mchana.

Sasa uzito. Baada ya ajali tulikaa chini tukahesabu tulichokuwa tumebeba siku ile. Gunia letu la mihogo ni kilo 80 hivi. Bido ya lita 20 ya mawese ina karibu kilo 18. Watu wazima kumi na mmoja tukawahesabia kilo 60 kila mmoja, na kuna waliocheka kwa sababu ya nafsi zao. Tukapata kilo 1,700, bila kuhesabu watoto wala vyungu. Hakuna aliyekuwa amefanya hesabu hiyo kabla ya kuondoka. Hata kama mbao ingekuwa nzima, ukingo ulikuwa umekaribia maji mno. Kipimo alichotupa mzee mvuvi hakina haja ya daftari: mtumbwi ukiisha kupakiwa na watu wote wamekaa, pima kwa mkono mahali ukingo ulipo chini kabisa. Kutoka majini mpaka ukingoni ibaki shibiri moja na nusu. Ikipungua, kitu kishuke, na kama ni mtu, ashuke bila kununa.

Tunajua ni vigumu. Ndugu zetu wa Ziwa Kivu wanajua zaidi yetu. Mwezi wa nne 2019 chombo kilizama upande wa Kalehe na watu wengi wakapotea, na Rais Tshisekedi alipofika pale aliamuru kila abiria avae jile, yaani boya la kuvaa. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa ufukoni wakitazama kwa macho yao. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, kila mtu alikuwa amekimbilia majini pamoja na mzigo wake. Waliopanda hawakuwa wajinga. Walikuwa na bidhaa zinazooza na watoto wanaongoja nyumbani, kama sisi.

Kwa hiyo bei ya mtumbwi tunayoiandika kwenye daftari mara hii iwe pamoja na jile, moja kwa kila anayepanda, na ndogo kwa watoto. Kama fedha hazitoshi kwa siku ya kwanza, basi bido tupu zilizofungwa vizuri zikae chini ya mabenchi, zimefungwa kwa kamba. Bido tupu ya lita 20 inaweza kushikwa na mtu mzima na ikamwacha kichwa nje ya maji. Na jambo moja kwa wenye watoto wachanga: mtumbwini mtoto asifungwe mgongoni. Mlete mbele, kitenge kifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja. Mtumbwi ukigeuka, mama anaweza kuelea chali huku mtoto wa mgongoni yuko majini chini yake. Tumelisema hili kliniki, tunalisema tena hapa.

Moteri. Mabwana zetu hupenda kuanza na moteri na kutafuta mtumbwi baadaye. Moteri hula kila siku, hata siku ambayo soko ni baya. Inataka petroli, mafuta ya kuchanganya, mtu anayeijua, na nyumba yenye mlango wa kuifungia usiku, maana wezi wa moteri ziwani hawalali. Ikiwa kubwa kuliko mtumbwi, hutikisa mbao ya nyuma mpaka kalafati inatoka. Kwa mita nane, mafundi wote wawili walisema farasi 15 zinatosha, na kwamba anayetaka 40 anatafuta sifa. Kwa kuvuka ghuba alfajiri, kabla upepo haujaamka, makasia manne yanatufikisha. Kwa Uvira hayatoshi.

Maoni yetu sisi wa komite, ambayo mkutano unaweza kuyakataa, ni haya. Tuagize mtumbwi mpya wa mbao, mita nane, tumbo pana, kwa fundi anayekubali tuje kutazama kazi kila hatua. Mbao ya nyuma ijengwe nene tangu mwanzo ili moteri iweze kufungwa mwaka ujao au unaofuata, tukipata. Kwa sasa tupige kasia na tubaki ndani ya ghuba. Mbao nzima zilizobaki kwenye ule wa buluu, na ziko chache, zifanywe mabenchi. Safari za Uvira tuendelee kulipa nauli kwenye boti za wengine, ingawa inatuuma.

Wanaotaka mitumbwi miwili midogo wana hoja ambayo hatujaijibu vizuri: mmoja ungekuwa tayari usiku kwa mama mwenye uchungu, wakati mwingine uko sokoni. Mnaokumbuka usiku wa mwezi wa pili, tulipozunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wa kutuazima mtumbwi, mnajua hoja hiyo ina uzito. Tunaileta kwenye mkutano kama ilivyo. Labda tuseme kwa maandishi kwamba mtumbwi wa chama haulali ng'ambo hata siku moja, uwe umepata bidhaa au haukupata. Au tununue miwili ya mita sita, na tupunguze magunia. Mafundi wanasema inawezekana, lakini bei ya miwili inapita sanduku letu kidogo.

Jambo la karatasi ni fupi. Hati ya kuuza iandikwe kwa jina la chama, isainiwe na wamama watatu wenye funguo, shahidi awe mzee wa kijiji, na nakala moja ikae mbali na ufuko. Mara iliyopita iliandikwa kwa jina la bwana aliyewasindikiza, kwa sababu muuzaji alisema hivyo ndivyo inavyofanywa. Bwana yule ni mtu mwema na hakutusumbua. Lakini tulilala vibaya.

Alhamisi tunakwenda kwa fundi wa kwanza kuziona mbao kabla hajazikata. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi kutoka kwenye mwembe mkubwa. Yule mjane amesema atakuja, na ndiye tuliyemwomba achague mahali pa kukwangua na kubonyeza. Kila anayekuja alete msumari mrefu, na mihogo ya kuchoma.